Ntheo ya Mheshimiwa

Wiki jana tulimwacha Kalunde amejibanza nyuma ya tangi la maji, na kama mlidhani ameondoka, hamumjui. Bado yuko hapo. Sikio moja ameliegemeza kwenye dirisha la chumba cha wageni, na ndani ya chumba hicho mume wake, Mheshimiwa Nthiwa, mbunge wa watu wa Kasikeu, anaongea na simu kwa ile sauti laini aliyotuombea kura nayo.

"Kathini," ile sauti ilisema, "huyu wa nyumbani nimemchoka. Ananitumia tu, shukrani hana. Ntheo nimeshapata. Alhamisi naleta mbuzi wote watatu hapo Zombe, wazee wale nyama, mambo yaishe. Lakini polepole, mama. Isisikike mapema."

Ungekuwa wewe ungefanya nini? Usinijibu, najua. Ungevunja dirisha.

Kalunde hakuvunja kitu. Alikaa chini pale pale kwenye matope ya tangi, na gauni lake la kwaya, akahesabu dhambi za mume wake. Viatu vipya vya ncha. Marashi. Kuimba bafuni, mtu ambaye hata wimbo wa taifa huimba kwa kufungua mdomo tu. Na zile slipa zake za bluu zilizopotea mwaka jana, Nthiwa akaapa zimebebwa na mbwa, mpaka mbwa wa watu akafukuzwa nyumbani.

Lakini lililomchoma zaidi ni lile neno ntheo.

Kwa wewe usiyetoka Ukambani, ntheo ni mbuzi watatu ambao mwanamume hupeleka kwa kina msichana. Wawili wanabaki, mmoja anachinjwa siku hiyo hiyo. Nyama ikishapita koo la wazee, msichana ameolewa. Cheti ni karatasi na keki ni unga. Bila ntheo, hata ukizaa watoto sita, wewe ni mgeni aliyezoea jikoni.

Na Kalunde alikuwa mgeni aliyezoea jikoni. Babake alikuwa mchungaji. Siku Nthiwa aliposema ataleta mbuzi, mzee alikataa, akasema mambo ya mila ni ya shetani, leteni Biblia na soda. Nthiwa siku hizo hakuwa na mbuzi wala shati la pili, kwa hivyo alikubali haraka sana. Watoto wamezaliwa, wamemaliza shule, na hakuna mbuzi hata mmoja aliyewahi kulia kwa ajili ya Kalunde.

Sasa watalia kwa ajili ya Kathini.

Kalunde alimjua Kathini. Nani hamjui? Mjane wa Zombe, muuza dawa za mifugo, mwenyekiti wa Chama cha Mzinga upande huo wa Kitui, na ana mwanya. Kalunde alimwona mara moja tu, kwenye mazishi. Kathini alianza kusimulia kichekesho na Nthiwa akacheka kabla kichekesho hakijafika kwenye kuchekesha. Tangu siku hiyo Kalunde hajapata usingizi wa maana.

Aliinuka, akajipangusa matope, akaenda jikoni kwa mama mkwe wake. Wayua alikuwa akichambua mbaazi.

"Mwaitu, mama, mtoto wako anaoa."

"Yupi?"

"Nthiwa."

"Si alikuoa wewe?"

"Na nini, mwaitu? Alinioa na nini?"

Wayua alimtoa mdudu kwenye mbaazi, akamtazama, akamtupa. "Na soda," alisema.

"Anaoa Kathini wa Zombe. Alhamisi. Na ntheo, mbuzi watatu kamili."

"Yule wa mwanya?"

"Kwani hata wewe umeuona huo mwanya?"

"Nitakosaje kuuona, mwiitu wakwa, binti yangu? Mtu akicheka hivyo mbele ya mwanaume ni kama ameacha mlango wazi na taa imewaka."

Kalunde alivuta kigoda, akakaa karibu. "Niambie ukweli. Yeye akilipiwa ntheo na mimi sijalipiwa, bibi mkubwa ni nani?"

Wayua alirudi kwenye mbaazi zake. Na Wayua akikimbilia mbaazi, jua jibu lipo na ni baya.

Alhamisi asubuhi Mheshimiwa alijipaka marashi mpaka kuku wakapiga chafya.

"Unaenda wapi?" Kalunde aliuliza.

"Nairobi. Kamati ya maji."

"Kamati ya maji inataka marashi?"

"Bungeni kuna joto."

"Na hiyo kofia?"

Alikuwa na kofia ya kijani, ya Chama cha Kibuyu, kile kile kilichompeleka bungeni. "Ni ya chama," alisema.

"Chama gani?"

Nthiwa alishtuka kama mtu aliyekanyaga siafu. "Chama changu. Kwani nina vyama vingapi?"

Kalunde alikuwa ameona kitu. Pembeni mwa ile kofia ya kijani, pale karibu na sikio, kulichungulia uzi wa njano. Akajua ni uzi wa kitenge cha mwanamke. Wivu una macho mazuri sana, ila miwani yake ni ya kuazima.

Gari la Mheshimiwa lilipotoka tu, Kalunde alienda kwa jirani kuomba gari lake la Probox. Aliporudi alimkuta Wayua ameshakaa kiti cha mbele, amejifunga leso mbili na ameshika fimbo.

"Mwaitu, wewe baki. Ni mbali, mgongo utakuuma."

"Mgongo ni wangu. Mimi nimekula ntheo nyingi kuliko wewe ulivyokula chapati. Washa gari."

Basi wakaenda. Njia nzima Kalunde alijitazama kwenye kile kioo cha gari, akijaribu kucheka bila kuonyesha meno, halafu kwa kuyaonyesha. Meno yake yameshikana vizuri, hayana nafasi hata ya uzi. Kwa mara ya kwanza maishani alijuta.

Zombe walikuta tenti. Sasa tenti ya nini kama si harusi? Viti vya plastiki vimepangwa, kipaza sauti kinakwaruza, na watu wamejaa, nusu yao wamevaa njano. Kalunde alishusha leso mpaka kwenye nyusi na kupitia nyuma, upande wa sufuria, ambako mwanamke mgeni haulizwi swali.

"Mama mmetoka mbali," mpishi mmoja alisema, akawapa bakuli. "Kuleni kwanza."

Kalunde hakuwa ametia kitu mdomoni tangu jana. Wivu ni kazi ngumu na hauna chakula cha mchana. Akachukua kipande, akatafuna. Kilikuwa laini, kina mafuta yake, kimepikwa na mtu anayejua. Akachukua cha pili.

"Tamu," alikiri. "Ni nyama ya nini?"

"Ya ntheo ya Mheshimiwa," mpishi alisema.



"Tema," Wayua alinong'ona.

"Nimemeza."

"Na kile cha kwanza?"

"Pia."

Wayua alifunga macho. "Basi umekuwa shahidi. Aliyekula ntheo hawezi tena kusimama akaipinga. Ungeniuliza mimi kabla ya kufungua mdomo, mwiitu wakwa, lakini wewe ukiona nyama unasahau una mkwe."

Wasomaji wangu, fikirieni. Mwanamke amesafiri kutoka Makueni mpaka Kitui kuvunja ndoa, akaanza kwa kuikubali na meno yake mwenyewe.

Ndani ya tenti kipaza sauti kilisema, "Mzee Mwangangi, ami yake Kathini, ana neno."

Mwangangi alisimama, mrefu, koti la zamani. "Neno langu ni fupi. Mbuzi tumepokea. Nyama tumekula. Bwana ni huyu, na bibi ni huyu."

Na kweli, kwenye sofa iliyofunikwa vitambaa, Mheshimiwa Nthiwa alikuwa ameketi bega kwa bega na Kathini, na Kathini ameufungua ule mwanya wote.

Kalunde alisahau ushahidi, akasahau mila, akaitoa leso kichwani. Alipita katikati ya viti mpaka mbele.

"Na mimi nimekuja kusalimia bibi harusi," alisema. "Nthiwa, hii ndiyo kamati ya maji? Mbona imekaa kavu?"

Simu zikainuliwa, kumi, ishirini, zote zinarekodi, na mmoja hapo nyuma akisema kwa sauti kwamba yuko laivu.

Mheshimiwa aliruka kutoka kwa sofa, akamshika mkono, akamvuta pembeni. "Kalunde, tafadhali. Si vile unafikiria. Hiyo ni lugha tu."

"Lugha gani ina mbuzi watatu?"

"Nisikilize. Bibi wa nyumbani niliyemchoka ni Chama cha Kibuyu. Bibi mpya ni Chama cha Mzinga. Sioi mtu. Nahama chama."

"Kwa nini usiseme unahama chama?"

"Kwa sababu sheria inasema mbunge akihama chama kiti anakiacha. Nikitamka kwa mdomo wangu, kesho ni uchaguzi mdogo. Ndiyo tukakubaliana na hawa watu tuongee kama watu wa ndoa. Ntheo ni ya kuingia chama. Kofia angalia." Akaigeuza kidogo, ndani ikawa njano tupu. "Nje Kibuyu, ndani Mzinga. Unaona? Hakuna mwanamke."

Kalunde aliitazama kofia. Akautazama ule uzi. Moyo ulitaka kushuka, lakini jicho likateleza mpaka kwenye sofa, na Kathini alikuwa akijipulizia hewa kwa leso ya njano, ametulia kama mtu mwenye nyumba.

"Sawa," alisema Kalunde. "Nimekuamini. Sasa wageukie watu useme hivyo hivyo. Sema, simwoi Kathini, nahama chama."

"Wewe, kuna simu."

"Ndiyo nataka. Zisikie."

Hapo ndipo penye utamu. Akisema anahama chama, amemwokoa bibi na kiti kimekwenda. Akisema anaoa, kiti kimebaki na bibi amekwenda. Mwanamume mwingine angesita. Mheshimiwa wetu hakusita hata kiasi cha kumeza mate.

"Wananchi," alisema kwenye kipaza sauti, "kuna watu wanaeneza uvumi. Mimi ni Kibuyu. Nililelewa na Kibuyu, nitazeeka kwa Kibuyu. Chama sijahama na sitahama."

Watu wa njano wakatazamana. Mwenye kipaza sauti akakuna kichwa. "Sasa Mheshimiwa, kama hujahama, hapa kwetu umekuja kufanya nini?"

"Nimekuja..." Nthiwa alimtazama Kalunde, akazitazama simu. "Nimekuja kuoa."

Vigelegele viliinua tenti.

Na Kathini, ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyetunga ile lugha ya mafumbo, aligeuka taratibu kwenye sofa. "Kuoa nani, Mheshimiwa?"

"Si... wewe."

"Taja jina. Wazee wengine hawasikii vizuri."

"Kathini," alisema Nthiwa, kwa sauti ya mtu anayesoma jina lake kwenye msalaba wa kaburi.

"Mmesikia," Kathini aliwaambia wazee. "Mimi nimekubali."

"Kathini, lakini wewe unajua kwamba sisi tuliongea—"

"Najua nini? Nyama imeliwa."

"Imeliwa," Mwangangi alithibitisha.

Sasa niwaambie ukweli kuhusu Kalunde. Hakulia. Alianza kuhesabu tena, kama pale kwenye tangi. Angalau mumewe angedanganya kwamba hampendi Kathini. Huyu alipewa kuchagua mbele ya watu, kati yake na kiti, akachagua kiti, halafu kama nyongeza akapewa mwanamke. Na ntheo juu. Mbuzi watatu. Yeye alipata soda.

Ndipo mbuzi mmoja akalia.

Walikuwa wawili, wamefungwa kwenye kamba ya tenti, wale waliobakishwa. Kalunde aligeuka. Kile kilio alikijua. Mmoja ana sikio lililokatwa ncha, na mwingine ana doa la hudhurungi shingoni kama mtu aliyesahau kufunga tai.

"Katibu," aliita polepole.

Mbuzi mwenye sikio lililokatwa aliivuta kamba mpaka kigingi kikacheza.

"Mweka Hazina."

Wa pili naye akaja, akalia kabisa kama mtoto aliyemwona mamake sokoni.

Kalunde akamgeukia mpishi. "Na huyu wa tatu, dume, alikuwa anapiga kelele sana?"

"Sana, mama. Hata wakati wa maombi."

"Spika," alisema Kalunde, akashika tumbo. "Nimemla Spika."

Watu hawakuelewa, na nyinyi pia labda hamjaelewa, kwa hivyo nitaeleza. Kalunde naye ana chama chake, kile cha akina mama wa Kalamba, cha kuchangiana na kuzungusha. Zamu yake ilipofika walimnunulia mbuzi watatu, akawaita kwa vyeo vya kikao, akawaacha shamba la Kalamba wanone. Mheshimiwa alipotafuta ntheo hakwenda sokoni. Alikwenda shamba la bibi yake.

"Nthiwa," alisema, na sasa hakuhitaji kipaza sauti, "chama changu kilininunulia mbuzi, chama chako kimewala."

"Ni mali ya nyumba," Nthiwa alisema. "Nilikuwa nitarudisha."

"Ungerudisha Spika kutoka wapi? Kutoka hapa?" Akaonyesha tumbo lake.

Huko nyuma kitu kilianza kukoroma. Kumbe si kukoroma, ni Wayua anacheka. Alikuja mbele akiegemea fimbo, watu wakimpisha.

"Mwangangi," alisema, "wewe ni mzee, mimi ni mzee. Nijibu. Ntheo ni ya nani?"

"Ya mwenye mbuzi."

"Na mwenye mbuzi ni nani?"

Mwangangi aliwatazama wale mbuzi wawili, ambao wakati huo mmoja ameshaanza kula leso ya Kalunde. "Inaonekana ni huyu mama."

"Na mwanamke akitoa mbuzi zake, zikaliwa, na mwanamke mwenzake akakubali mbele ya wazee, huyo aliyekubali tunamwitaje?"

Mwangangi alivua kofia, akaivaa tena. Alijua, na alijua kwamba kila mzee hapo anajua. Tangu babu zetu, mwanamke mwenye mali yake aliweza kuoa mwanamke mwingine, akaja kwake, watoto wakaitwa kwa jina lake. Yeye ndiye mtoa mbuzi, yeye ndiye mume.

"Iweto," Mwangangi alisema, kwa sauti ndogo.

"Sema kwa simu."

"Iweto. Ameolewa na mama."

Akina mama wa sufuria walipiga vigelegele vya kuzidi vile vya kwanza, na mwiko mmoja ukaruka.

Kalunde alichelewa kidogo kuelewa, lakini alipoelewa, alinyooka. "Kathini," alisema, "umesema umekubali?"

Mwanya ulikuwa umefungwa. "Nilisema."

"Basi inuka kwa hiyo sofa. Hicho ni kiti cha mume wako."

Kathini aliwatazama wazee, wazee wakatazama viatu vyao. Akainuka. Kalunde akaketi, polepole, akijaza nafasi yote.

"Na mimi?" Nthiwa aliuliza. "Mimi ni nani hapa?"

"Wewe ulileta mbuzi," alisema mwenye kipaza sauti. "Wewe ni mchungaji."

Kicheko kilimtoa Mheshimiwa jasho kama bomba lililopasuka. Akavua kofia, akajipangusa uso kwa upande wa kijani, akaivaa tena bila kuangalia. Simu zote zikamsogelea. Akadhani wanampenda.

Simu yake mwenyewe ikalia. Ilikuwa katibu wa Chama cha Kibuyu, huyu binadamu, si mbuzi, na sauti yake ilisikika mpaka safu ya tatu.

"Mheshimiwa, tunakutazama laivu. Hotuba yako ilikuwa tamu. Mwanachama mwaminifu. Sasa tusaidie na hii kofia ya njano uliyovaa, ni ya bwana harusi ama ni ya mchungaji?"

Nthiwa alipeleka mkono kichwani. Akauacha hapo hapo.

Ningeweza kuwaacha hapo mkifurahi, na Kalunde naye alikuwa akifurahi. Mume amepoteza Mzinga kwa mdomo na Kibuyu kwa kofia, mwanya umefungwa, na kwa mara ya kwanza ana ntheo, hata kama ni yeye aliyeitoa na yeye aliyeila. Kathini alikuja na beseni la maji, akapiga goti kama mila inavyotaka, akamshikia mume wake anawe mikono.

Aliinama vizuri sana. Vizuri kupita kiasi. Na alipoinua uso, mwanya ulikuwa umefunguka tena.

"Jumamosi nitahamia Kasikeu, mume wangu," alisema, kwa upole, wao wawili tu wakisikia. "Sina vitu vingi. Nitabeba sufuria zangu, dawa zangu za mifugo, na slipa."

"Slipa zako ni zako, beba."

"Si zangu. Ni kubwa, za bluu. Ziko chini ya kitanda changu, upande wa ukuta."

Maji yalimwagika kwenye mapaja ya Kalunde na hakuyasikia. Alikuwa akimkumbuka yule mbwa aliyefukuzwa.